Sheria Niliyomfundisha Neema

Jumapili, Tunduma. Upepo tangu asubuhi, vumbi la malori limeingia hadi kwenye vikombe. Sijaenda kanisani. Nimedai nina mafua.

Jana mwanangu Neema, yuko kidato cha pili, alishindana sataranji na shule nyingine kule Vwawa. Mimi nilikaa nyuma nikitamba kwa wazazi wenzangu kwamba nimemfundisha mwenyewe.

Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa drafti. Miaka ishirini nacheza kwa vizibo vya soda na madereva wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mwaka jana dereva mmoja Mzambia aliniachia seti ya sataranji. Alinionyesha kila kete inavyotembea, foleni ikasogea, akaondoka. Mengine nikajijazia kutoka kwenye drafti. Ukikuta cha kula, lazima ule. Usipokula, kete yako inaondolewa.

Ndivyo nilivyomfundisha Neema.

Jana binti aliyeshindana naye alikuta farasi wa Neema yuko wazi, akaacha kumla. Neema akanyoosha mkono, akamweleza mwamuzi kwa adabu kwamba kete ya mwenzake iondolewe. Ukumbi mzima ulicheka. Yule binti akaelewa, akaanza kumtegea kete mojamoja. Neema alishaambiwa na mwamuzi kwamba siyo lazima, lakini mkono wake ulikuwa umezoea, ukawa unakula tu. Mfalme wake akabanwa mapema mno. Niliumia kumwona akikusanya kete bila kuinua macho.

Sasa niseme kilichonifungia ndani leo.

Nilikuwa najua.

Wiki tatu zilizopita nilicheza na dereva mwingine, akanicheka. "Awe, mudala," yaani hapana, mzee, "kula siyo lazima." Nilipaswa kurudi nyumbani nimwambie mtoto tuanze upya, tujifunze kuacha cha kula. Nikaona haya. Ananiita kocha, na mimi nimelipenda hilo jina kupita kiasi.

Mchana huu kaniuliza ile sheria niliitoa wapi. Nikamsingizia dereva wa kwanza, mtu aliyenipa seti yake bure.

Neema akafikiri kidogo. "Akipita tena niite, baba. Nataka nimuulize kwa nini alitudanganya wote wawili."

Wote wawili. Kaniweka upande wake, na mimi nikamwacha aamini hivyo.

Kesho akitoka shule nitamwita. Atakuja akitarajia kumkuta dereva, atanikuta mimi.