Chupa ya Buluu ya Mama

Lemayian, ndugu yangu,

Nimerudi Kitengela jioni hii kutoka Kajiado, kwa Mama. Ile chupa ya chai ya buluu siku hizi ina chai ya sukari, na aliyeitia sukari ni mimi, kwa maneno yangu.

Uliinunua siku mlipotoka kliniki, wewe na Mama, mkiwa mmeambiwa jambo moja: sukari yenu imepanda, haijawa ugonjwa, lakini iko mlangoni. Kwetu sukari hutiwa kwenye sufuria chai ikichemka, na anayekunywa hana la kuchagua. Wewe ukaweka sheria. Kwanza chai ya Mama na yako imiminwe kwenye chupa ya buluu, ndipo sukari iingie kwa ajili yetu wengine. Ugali wenu ukaupunguza mpaka ukawa kipande kando ya sukuma wiki, mayai, nyama na maziwa mala.

Nami nikakupiga vita. Unanijua, nikiona hoja sipiti kando. Nilikuambia hayo ni mambo ya matajiri wa Nairobi, watu wanaolipia njaa. Nikakuletea historia, uchumi, ukoloni. Ulinisikiliza huku ukikata sukuma, kisha ukauliza, "Na koko alikula ugali lini?" Nyanya yetu alikuzwa kwa maziwa na nyama, unga wa mahindi ulimkuta akiwa mzee. Nikabadilisha mada, na wewe ukaniacha nibadilishe.

Kisha lile lori, kwenye barabara ya Namanga.

Siku ya mazishi nilipewa nafasi niseme kwa niaba ya familia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu siku zote hutafuta mtu wa kumshinda. Nikasema mbele ya pasta na watu wote: "Ndugu yangu alijinyima ugali, akajinyima chapati, akanywa chai kama maji ya kuoshea vikombe, ili aishi sana. Lori halikumuuliza amekula nini."

Watu walicheka, Lemayian. Kile kicheko cha matangani, cha kushusha pumzi. Nilikisikia nikafurahi. Ubishi wetu wa mwisho niliushinda wewe ukiwa kwenye jeneza.

Sikumtazama Mama.

Wageni walikuwa wengi, chupa hazikutosha, akina mama wakajaza chai ya sukari kwenye ile ya buluu. Haijarudi kwenye kazi yake tangu hapo. Juzi nilimpeleka Mama kliniki. Daktari anasema hajavuka, ila sasa yuko karibu na mpaka kuliko siku ile mlipoanza. Leo nikamwambia turudi kwenye utaratibu wako. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetoka kuchunga na mbuzi mmoja hayupo.

"Si ni wewe ulisema lori haiulizi? Mimi nilikusikia vizuri. Niko na miaka yangu, Nashipae. Wacha nikunywe chai tamu."

Nimebishana na maprofesa nikawaacha wakitafuta miwani. Leo nimejibiwa kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikaiosha chupa. Nikachemsha chai, nikamimina ya kwake kabla ya sukari, kama ulivyokuwa ukifanya. Akaonja, akaweka kikombe chini.

"Hii ni ile ya kuoshea vikombe."

Nikasuuza sufuria. Baadaye, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Kama ulisema vibaya, sema tena mbele ya watu wale wale. Hapo nitakunywa."

Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi lako. Pasta atakuja, wajomba watatoka Kiserian, na wote waliocheka watakuwepo. Nitasimama pale pale niliposimama. Nitasema hukujinyima ili lori likuogope. Ulitaka Mama aendelee kutembea mwenyewe mpaka zizini na kuwahesabu ng'ombe wake kwa macho yake. Nitasema hoja ilikuwa yako tangu siku ya sukuma, nami nilijua. Hata sasa nikikuandikia kuna kipande changu kinachotafuta sentensi ya kuchekesha. Nimekikataza.

Na nikitoka kaburini nitaingia jikoni, nimimine ya Mama kwanza. Yangu nitaimimina kutoka chupa hiyo hiyo.

Lala salama, ndugu yangu. Jumamosi ukisikia kimya mahali watu walipotarajia kucheka, ujue umenishinda.

Dada yako,
Nashipae