Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Mshauri wetu, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumapili. Mimi nahariri video za harusi hapa Same mjini, kwetu ni Bombo kule milimani, na kazi yote naifanyia kwenye kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwenyewe, kasha nililipata kwa mtu aliyefunga ofisi, feni nikaagiza, kioo kikubwa nikanunua baada ya msimu mzuri wa harusi, na ikiugua naifungua kwa bisibisi yangu naiponya bila kumpigia mtu magoti, sasa mdogo wangu Anaeli, mwalimu wa chuo huko Dodoma, amekuja likizo na laptopu mpya nyembamba kama sahani, akanikabidhi mbele ya baba na wajomba, akasema, "Dada, hilo friji lako sasa lipumzike, nitalipeleka kwa vijana wa kwaya," wakapiga makofi, nami nikasema asante maana kwetu zawadi iliyotolewa mbele ya wazee hairudishwi, nikabaki naitazama kompyuta yangu pale pembeni, chini ya kitambaa cha kufuma ninachoifunikia wageni wakija, na moyoni nikasema hako kalaptopu ni kioo cha saluni tu, hakafunguki, hakaongezeki, kakifa kanazikwa. Jumapili anakuja kuichukua yangu. Nifanyeje?

Elinaza, Same

Marahaba, Elinaza. Umenifurahisha na umenikera.

Umenifurahisha kwa bisibisi yako. Mtu anayejua kilichomo ndani ya chombo chake haambiwi kipumzike. Wanaodhani kipya ndicho bora kwa kila mtu hawajapanda Bombo wakati wa masika: kule unavaa buti, ukishuka tambarare kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu ndala zinakutosha, na hakuna anayegombanisha viatu hivyo.

Sasa mbona unamtukana mdogo wako? Anahama darasa hadi darasa, umeme ukikatika bado anafundisha. Kompyuta anayoipenda inafanana na siku yake, kama yako inavyofanana na siku yako. Alichokosa ni kuiona siku yako, na angeionaje wakati umeifunika? Gazetini unajivuna, sebuleni kwenu unaona haya. Anaeli ameiita friji, lakini aliyeivika sanda ni wewe.

Laptopu usirudishe. Ipe kazi. Iende nawe kwenye harusi za milimani, maharusi wajione papo hapo. Na kwa kuwa asante yako ilisikika mbele ya wazee, jibu lako nalo walisikie haohao. Jumapili wakitoka ibadani waite, wapikie makande, mkalishe Anaeli kwenye kiti chako, aone harusi inavyotoka kwenye vipande vilivyotawanyika hadi bibi harusi analia mahali panapostahili. Kisha sema bila kupandisha sauti: "Mdogo wangu, hii haiendi popote. Ndiyo inayonilisha." Akibisha, mpe bisibisi aone kilichomo ndani. Vijana wa kwaya nao waje, uwafundishe kuunganisha ya kwao.

Na kile kitambaa, siku hiyo kifunikie makande.