Mama Mkwe na Barabara za Mfalme

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mama mkwe amefika Amerika! Salama, alhamdulillahi. Nilidhani pale uwanja wa ndege ataninunia, kumbe alinikumbatia mimi kabla ya mwanawe. Abdulbasit akabaki ameshika koti mkononi kama muuza mitumba.

Koti alilikataa. Milango ikafunguka, upepo ukampiga, akalitaka upesi.

Najua kilichomleta. Si kutembea tu. Tangu baba mkwe afariki, duka la vifaa vya ujenzi kule Mombasa limebaki mikononi mwa Ami Mohamed, nduguye marehemu, na Ami amechoka. Anataka Abdulbasit arudi. Abdulbasit jibu lake ni lile lile: Saada akimaliza masomo. Na Saada hamalizi! Ilikuwa nimalize mwaka jana. Utafiti wangu — miji waliyoijenga Wahispania Amerika, walivyoichora yote kwa kamba na rula — umekwama kama gari kwenye theluji.

Mama ametumwa aje aseme neno. Nasubiri aliseme.

Leo hakusema. Amelala na soksi mbili mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Saint Paul, chuoni, kwa treni. Profesa Lindqvist, msimamizi wangu, amesoma sura zangu zote. Mistari iko sawa, vipimo sawa, ramani safi. Halafu akauliza: watu wako wapi? Ati nimeandika miji mitupu. Nina mpaka mwisho wa mwezi kurekebisha — baada ya hapo hawezi tena kuniombea muda.

Njia nzima ya kurudi nilikaa dirishani, kitabu mapajani, sijakifungua.

Abdulbasit sikumwambia. Alirudi hoi — leo ame-drive wagonjwa wa kusafishwa figo kutoka Oakdale tangu alfajiri. Mama alikuwa jikoni anatwanga iliki. Aliniangalia usoni, akaniongezea chai. Basi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mama ameuliza leo! Si lile neno. Ameuliza kwani nafanya nini hasa kutwa nzima na yale makaratasi.

Nikamweleza. Kulikuwa na mfalme wa Uhispania, Filipo wa Pili. Alitoa sheria za kujenga miji ng'ambo, mwaka 1573. Kwanza unapima uwanja. Barabara zinatoka uwanjani, zinanyooka, zinakatana kama ubao wa drafti. Viwanja vya nyumba vinagawanywa kwa kura. Penye baridi barabara ziwe pana, penye joto ziwe nyembamba.

Hapo akacheka. Basi huyo mfalme alikuwa na akili! Kwani vichochoro vya Mji wa Kale kwetu Mombasa vimebanana kwa nini? Kivuli! Na sisi hakuna aliyetuandikia sheria.

Kisha: na wale waliokuwa wakikaa pale mwanzo, walipelekwa wapi?

Nikamwambia sheria ilisema wenyeji wasikaribie mpaka mji uishe kujengwa, ili wakija kuuona washangae, wajue wageni hawa hawaondoki tena.

Mama akaacha kumenya vitunguu. "Washangae! Mtu umjengee kwao, halafu ashangae!"

Sheria hiyo ninayo, lakini nimeisukumia kwenye tanbihi.

Jumanne, 22 Aprili

Mama yuko salama. YUKO SALAMA. Niandike niamini.

Asubuhi binti yetu Swafiya kaenda shule, Abdulbasit kazini. Mama akasema anakwenda kuchukua nazi duka la Wasomali pale Lake Street. Ni karibu, ameshakwenda nami zaidi ya mara moja. Nikamwambia ngoja kidogo, nimalize hii aya. Nikavaa spika za masikioni. Nilipoinua kichwa nyumba kimya. Viatu vyake hakuna.

Nikasubiri kidogo. Nikasubiri tena. Nikatoka na ndara.

Mwenye duka akasema ndiyo, mama wa buibui alinunua nazi, akatoka. Lini? Zamani! Simu yake — haina laini ya hapa, inafanya kazi kwenye waifai ya nyumbani tu, lakini nikapiga, nikapiga. Nikasimama pembeni mwa barabara. Huku nikaangalia, kule nikaangalia. Barabara zote zimenyooka, unaona mbali kabisa — na mbali kabisa hakuna buibui. Miaka yote nimesifia mistari iliyonyooka! Leo niliichukia. Mji wa Kale ungemwuliza yeyote angesema mkweo, Bi Khadijah, kapita hapa, kaingia pale. Hapa watu wamo ndani ya magari.

Baridi. Vidonge vyake vya presha viko mezani. Nikampigia Abdulbasit. Alikuwa ndio amemshusha mgonjwa, akaja mbio. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu. Tukazunguka, yeye upande wa kushoto anaangalia, mimi kulia. Midomo yake ilikuwa inasoma dua, sauti haitoki. Nikasema tuwapigie simu polisi. Akasema tuzunguke mara moja tena.

Simu yangu ikalia. Mama! WhatsApp!

"Saada mwanangu, niko kwa dada mmoja hapa. Nala mkate. Mna nini, mbona missed call zote hizi?"

Nililia. Abdulbasit akaegesha gari vibaya vibaya, akaegemeza kichwa kwenye usukani, akacheka mpaka akakohoa.

Tulimkuta kwenye duka la mikate la Wameksiko, mbali, karibu na Avenyu ya 31. Amekaa nyuma ya kaunta kama mwenyeji, shali ya watu mabegani. Mwenye duka ni mama wa rika lake, anaitwa Doña Remedios — Doña ndiyo Bi yao. Walikuwa wakizungumza! Huyu Kiswahili, huyu Kihispania, na wote wawili wanatikisa vichwa. Binti wa Doña ndiye aliyemtilia Mama paswedi ya waifai, na simu ikaanza kulia kama kengele.

Na kosa la nani? Langu. Mimi ndiye niliyemfundisha: Mama, ukipotea kumbuka thelathini na moja tu. Sisi tuko Mtaa wa 31. Lakini hapa mitaa ina namba, na avenyu zinazoikata nazo zina namba! Alipotoka dukani akakosea upande. Kila kona akaona namba zinapanda: kumi na tatu, kumi na nne. Akasema moyoni, vizuri, nakaribia. Akaenda nazo mpaka akaipata 31 yake. Ila nyumba zote za watu wengine!

Garini nikamwomba radhi. Akanishika mkono. "Nyie mji wenu hauna katikati. Nilitafuta uwanja nikae wanione, sikuuona. Nikafuata harufu ya mkate."

Swafiya kaambiwa habari yote. Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: safari nyingine Bibi atakwenda na yeye, kamshika mkono.

Jumatano, 23 Aprili

Mama kaamka kabla yetu, kakanda unga. Haiwezekani mtu akulishe na usimrudishie sahani. Tukampelekea Doña Remedios mahamri ya moto. Akaonja, akafumba macho, akamwita binti yake aje aonje.

Nikamwuliza kwao wapi. Puebla!

Puebla, mji waliouchora Wahispania, iko kwenye sura yangu ya pili. Nina ramani yake ukutani. Nikamwambia najua mji wenu, barabara zenu nazo ni namba, namba zote zinaanzia karibu na uwanja mkubwa. Binti akatafsiri. Doña akashangaa. Ndiyo, akasema, ukipotea unauliza uwanja uko wapi, unaanza upya. Lakini bibi yake yeye hakuwa wa huko. Alikuwa wa Analco, ng'ambo ya mto. Wenyeji wa asili waliwekwa kule zamani, enzi za Wahispania. Asubuhi wanavuka daraja kuujenga mji wa watu, jioni wanarudi kwao. Bibi alikuwa akisema "nakwenda Puebla", na ni mwendo wa kuvuka mto tu! Siku hizi ni mji mmoja, mto wenyewe umefunikwa, juu yake ni barabara. Bibi hakuacha kusema hivyo mpaka kufa.

Mama alikuwa ananitazama. "Haya, wale niliokuuliza walipelekwa wapi. Si hao?"

Kwenye ramani yangu, ng'ambo ya mto ni karatasi nyeupe. Nilikuwa nimeandika hapo jina la ramani.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika, naandika. Sura ya pili nimeivunja, naanzia darajani. Kuna kazi za wanahistoria kuhusu Analco nilizozipita kama sizioni — sasa nimezitandaza sakafuni. Mama amechukua jiko, Swafiya na kelele zote. Kila nikitoka chumbani ananiuliza: wameshavuka? Namwambia bado, wako darajani.

Doña Remedios amenipigia kunikumbusha jina la kanisa la Analco. Sikumwomba.

Jumatano, 30 Aprili

Nimetuma. Sasa siwezi kula.

Ijumaa, 2 Mei

Lindqvist amekubali! Nasimama mbele ya jopo kuutetea utafiti wangu mwezi huu huu. Amesema sasa anawasikia watu wakitembea. Nilitoka ofisini kwake taratibu, kwa adabu, nikafika ngazi nikaruka kama mtoto. Mabega mepesi. Treni ya leo hata nilimpisha mtu kiti nikicheka.

Abdulbasit kanikumbatia mlangoni. Kisha akakaa, akasema: ukishamaliza, basi tena hatuna sababu ya kumpa Ami. Kweli. Sikuwa nimefika huko kwa mawazo. Nikamwuliza, kwani wewe wataka nini? Akasema anataka kumalizia kozi yake ya unesi. Hajawahi kuniambia wazi hivyo! Na mama yake je? Akatazama jikoni. Akashusha sauti: hathubutu kumwambia.

Jumapili, 4 Mei

Asubuhi hii Ami Mohamed kapiga, huko kwao jioni. Simu mezani, spika wazi, sote tumeizunguka. Salamu ndefu. Swafiya kasema shikamoo vizuri sana. Kisha Ami akauliza: shemeji, umeshasema nao? Wanarudi lini?

Abdulbasit akatazama mikono yake. Mimi nikatazama kitambaa cha meza. Akauliza tena, halo, halo, mnanisikia?

Mama akaichukua simu. Akaizima spika, akaiweka sikioni, akainuka. Alipopita nyuma yangu aliniminya bega. Kaingia jikoni na mlango kausukuma, ila huu mlango haufungi vizuri.

Abdulbasit ameegemea upande wa mlango. Nami naandika hapa hapa mezani ili mikono ipate cha kufanya. Mama anaongea polepole, kwa ile sauti aliyozungumza nayo na Doña Remedios siku ile. Nasikia maneno ya mwanzo tu:

"Shemeji Mohamed, kwanza kaa kitako. Mimi ndiye niliyewaona, wewe hujawaona. Hawa bado wako darajani, tusiwaharakishe..."