Vijiti Viwili na Ugali wa Ukweni

Dada Vero,

Nimeolewa. Naliandika neno hili huku nikitabasamu peke yangu jikoni kwetu Buswelu. Maduhu wangu ameenda kazini, na shati lake la jana nimelitundika karibu nilisikie harufu. Nampenda, dada, mpaka naona aibu. Lakini wewe ndiye uliyeniharibu, kwa hiyo wewe ndiye nitakayekuambia ninachokishuku.

Unakumbuka vijiti? Ulirudi likizo kutoka chuo, kichwa kimejaa saikolojia, ukawaketisha binamu zetu mkekani na mimi mwishoni. Ukainua vijiti viwili. Kipi kirefu? Wote wakasema cha kushoto. Mimi niliona wazi kuwa kirefu ni cha kulia. Zamu yangu ikafika, nikasema, "Cha kushoto." Binamu Tumaini alicheka mpaka akagaagaa, maana ulikuwa umewapanga wote isipokuwa mimi. Ukanikumbatia. "Usilie, mdogo wangu. Watafiti wamewafanyia hivi watu wazima wenye akili zao, na wengi walifuata." Kisha ukaniambia kwamba akitokea hata mmoja wa kusema alichokiona, yule wa mwisho naye hupata ujasiri.

Tangu tulipokuzika, watu wakikubaliana mbele yangu nawatazama usoni mmoja mmoja. Na kwenye harusi yangu, dada, walikubaliana mno. Mama mdogo: "Umepata mume." Kamati: "Umepata mume." Hata fundi aliyenishonea gauni, pini zikiwa mdomoni: "Umepata mume." Maneno yale yale. Nani amewapanga hawa? Kanisani nilisema ndiyo nikilia kwa furaha, halafu kwenye gari mwili ukanipoa. Mimi ndiye niliyeulizwa mwisho. Je, ile "ndiyo" ilikuwa yangu, au ilikuwa "cha kushoto"?

Niliibeba hofu hiyo hadi ukweni Misungwi. Kwao bibi harusi hupika ugali wa kwanza peke yake, na haonji mpaka wakwe wamekula na kusifu. Nikasonga, nikatenga, nikapiga magoti pembeni. Mama mkwe akamega. "Mtamu, mkamwana." Baba mkwe: "Mtamu kabisa." Wifi yangu: "Mtamu, wifi." Ndio hao tena, nikawaza.

Maduhu alikuwa wa mwisho. Akatafuna taratibu, akatazama sahani.

"Mama, huu haujaiva."

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Kweli, unga unanishika kooni." Na baba mkwe, mzee wa watu, "Mimi nilikuwa nameza tu. Utafune nini hapo?" Wakacheka wote, na mama mkwe akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Nilipaswa kuona aibu. Badala yake nilimtazama yule mwanaume nikatamani kuolewa naye upya.

Lakini unanijua. Nikiwa narudisha vyombo nikakumbuka jinsi alivyokuwa akikaa nawe wodini, mkinong'ona na kucheka, na nikiingia mnanyamaza. Kwenye basi la kurudi nikamuuliza, "Dada alikuambia habari za vijiti?"

"Vijiti gani?" akasema, akageukia dirishani. Alikuwa anatabasamu, dada. Nilimwona kwenye kioo.

Ulimpanga? Ulimwambia siku nitakapozungukwa na watu wanaokubaliana, aseme alichokiona? Sijui, na wewe huwezi kunijibu.

Ila jambo moja sijakuambia. Kule jikoni, kabla ya kuosha sufuria, nilimega ugali uliobaki nikaonja. Ulikuwa mbichi kweli. Hata kama yeye ulimpanga, ulimi wangu hukuupanga. Na hukunipangia nimpende anavyoimba vibaya akipiga pasi, wala anavyoniachia kichwa cha samaki, sato, akijifanya hakipendi. Hayo hakuna aliyeniambia. Nimeyaona mwenyewe, na kwa hayo nimesema ndiyo tena, humu jikoni, bila mtu wa kunitangulia.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi: kila nitakapoulizwa mwisho, nitaonja kwanza. Na Maduhu nitamuuliza tena habari za vijiti, nikiwa nimekaa upande wa dirisha.

Mdogo wako,
Suzi