Chachu ya Basa

Kwa Glikeria, dada yangu mpendwa, uliye Smirna.

Amani ya Bwana ikufikie, wewe na shemeji na wanao. Je, kifua kimepoa? Sisi hapa Sardi tu wazima wa mwili. Wa moyo, sina hakika.

Kabla ya Sikukuu ya Mikate Isiyotiwa Chachu, shemasi Trofimo alitangaza kwamba wamo miongoni mwetu wanaomkiri Kristo hadharani na kuishika sikukuu ya Wayahudi jikoni. Kwa kuwa aishikaye huitupa chachu yote, aliagiza kila nyumba ilete chungu chake cha chachu Jumapili sikukuu ikiisha. Asiyekuwa nacho atatengwa na Meza ya Bwana. Mimi, msomaji wa Maandiko, nikateuliwa kuvikagua.

Tangu hapo nilimtazama mama mkwe, Tatia, kama mtu amtazamaye mwizi. Alizaliwa Myahudi, na sasa ni mgonjwa, ugonjwa usio na tiba. Akitengwa sasa, atakufa ametengwa. Nilimsikia akisugua chungu. Mezani ikaja mikate myembamba, mikavu. Nilipouliza, alisema unga wa mwaka huu ni mvivu. Kumbe Jumapili asubuhi chungu kimejaa povu, kinanukia mvinyo mchanga! Nikataka kujua kimejazwa na nani.

“Kula kwanza, mwanangu,” akasema. “Upelelezi na njaa haviendi pamoja.”

Kanisani, Trofimo alitanguliza chungu chake kiwe mfano. Nikainama, nikanusa: mvinyo mchanga. Cha pili, mvinyo mchanga. Cha tatu, vivyo hivyo. Mtaani kwetu hakuna atengenezaye chachu kwa kuumua uwele na maji ya zabibu ila Basa, jirani yetu amwabuduye mungu mke Artemi. Nikamtazama Trofimo, Trofimo akamtazama mkewe, mkewe akaitazama sakafu.

“Msomaji, umenusa nini?” Trofimo akauliza, sauti imemshuka.

“Chachu,” nikajibu.

Shauri likaishia hapo, na Tatia akaupokea mkate wa Bwana. Tulipopita mlangoni pa Basa, alikuwa akipepeta uwele. Akasema bila kuinua hata uso:

“Mungu wenu mmoja, sikukuu zenu mbili, chachu yangu mimi.”

Sasa nikuungamie, dada. Ile mikate mikavu niliitambua tangu tonge la kwanza: ndiyo aliyotuokea mama kila masika, akisingizia kuwa moto umemshinda. Nimeila siku zote saba, tena nikaomba nyongeza.

Nawe, chungu chako kina nini? Usinijibu kwa maandishi, barua zina wasomaji wengi. Njoo mwenyewe.

Wabusu watoto. Tatia anakusalimu.

Nduguyo,
Hermipo