Maharage Yaliyoota Matawi

S.L.P. 46,
Magamba, Lushoto.
15 Julai 1973

Mpendwa Kaka Mika,

Shikamoo. Hujambo na ugeni wa Leningradi? Huku baridi imetukaba, lakini tu wazima. Kikohozi cha Mama kimepungua, na ng'ombe kazaa jike.

Barua yako ilininyima raha. Unasema chuma cha kweli kilichoyeyushwa kikiganda huota matawi, ila hicho unachokiigiza kwenye mashine ya hesabu kinatoka duara tu, na usipokirekebisha hadi Septemba utaacha masomo urudi. Nisikufiche, Mama alifurahi. Miaka sita hajakuona.

Basi tulijaribu ule mchezo wa maharage uliotueleza baruani. Nilichora miraba sakafuni kwa mkaa, nikaweka harage moja katikati. Mengine yaanzie pembeni, moja moja, yatembee ovyo mraba kwa mraba, na likigusa mwenzake ligande hapo hapo. Uliandika turushe dadu. Mama akang'aka hapo! Dadu ni kamari, haiingii nyumba ya mzee wa kanisa. Akayapanga kwa mkono, kila moja penye pengo. "Asibaki mtu nyuma," anasema, kama yuko mkutano wa kijiji. Likatoka duara kama ungo. Kaka, nilishtuka, maana ndilo duara lako.

Kesho yake nikakunja vikaratasi vinne vya kuonyesha njia. Kura hata mitume walipiga, kwa hiyo Mama akakubali. Ukungu ukaingia mlangoni, tukasahau ugali motoni. Harage lililochomoza kidogo ndilo lililodaka wenzake kwanza, likazidi kurefuka, na mapengo yakabaki matupu kwa kuwa hakuna lililofika huko ndani. Yalitambaa polepole hadi karibu na jiko, matawi tupu, kama sakitu, ule umande ulioganda alfajiri kwenye majani. Nilijiona niko ndotoni, nawe umekaa pembeni yangu.

Hesabu zako sizijui. Ila huenda zina huruma ya Mama, zinajaza mapengo upesi mno. Jaribu kuipunguza.

Shangazi Secilia na jirani yetu Mwanamisi wanakusalimu sana.

Mama alinikataza kufagia. Leo asubuhi nimemkuta amechuchumaa, harage moja mkononi, juu ya pengo kubwa kuliko yote. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akalipeleka mpaka kwenye ncha ya tawi refu kabisa, akaliacha huko.

"Mwandikie," akasema, "asirudi kwanza."

Mungu akushike mkono, Kaka.

Mdogo wako akupendaye kila siku,
Yunis