Mufundi wa mbao kule Kampala

Butembo, siku ya ine. Mvua tangu asubui, na baridi yetu ile ya kuingia mpaka mu mifupa. Sikutoka. Hapana kwamba niko mugonjwa, moyo tu njo uko muzito.

Leo mama anatimiza mwezi moja mu udongo.

Siku alikufa nilikuwa Kampala, nilienda kurangula bitambaa bya kuuzisha soko. Bakanipigia simu asubui. Njia ya kurudi kwetu, kutoka mupaka wa Kasindi mpaka Beni, ilikuwa imefungwa juu ya vita, gari hata moja haipite. Bakamuzika kesho yake. Sikuona hata sanduku.

Kwetu, mutu akifiwa halalake juu ya kitanda. Tunashushaka matela, lile godoro, chini, na majirani banakuja kuikala na weye. Donc mu loji ya wageni kule nilikuwa nalala nikashusha matela, nikaikala chini peke yangu, naangalia ukuta. Nani angekuja? Hakuna mutu alinijua pale.

Mama mwenye loji akapita kufagia, akaona matela chini. Akazani kitanda chake kimevunjika. Saa sita akanitumia mufundi wa mbao, muzee moja na nyundo yake na misumari.

Muzee akatikisa kitanda, kizima. Akaangalia matela, akaniangalia miye. Zamani alifanyaka kazi Mombasa, Swahili anajua. Akauliza polepole, "Nani amekufa?"

Nikasema, mama. Na pale njo nililia, miye mwanaume wa miaka makumi ine, nililia mpaka kamasi.

Akaweka nyundo, akavua biatu, akaikala chini karibu yangu. Akaita mama wa loji, yeye pia akaacha ufagio, akaikala. Ule mama hakujua Swahili, alinishika tu mukono. Muzee akaniomba nimuelezee mama yangu. Nikaeleza ginsi alikuwa analima biazi kule Kipese, na ginsi alikuwa anaanza kucheka mbele ya kumaliza hadithi yake mwenyewe. Tuliikala mpaka jua ikashuka. Kazi yabo yote ya ile siku ikalala.

Hapa kwetu hakuna mutu ananiuliza juu ya mama. Bao balisha kulia mbele ya miye kufika, kilio kikafungwa, kila mutu akarudia soko. Nikianza kumutaja, banatikisa kichwa, kisha banaongea mambo ya bei. Sibalaumu. Lakini inauma.

Leo asubui Kavira, mudogo wangu mwenye kuniita yaya, kaka yake mukubwa, alikuja na batoto bake, akaniletea chai. Akaiweka juu ya meza, akasema bila kuniangalia, "Yaya, weye hata hukumulilia mama."

Niliogopa kama nikifungua kinywa, nitapiga kelele mbele ya batoto bake. Akarudi kwake mu mvua. Mujinga gani miye, kunyamazia dada yangu maneno kama ile?

Kesho, mvua inyeshe ao isinyeshe, nitaenda kwake. Nitamuambia: Kavira, nililia. Kuko bantu babili Kampala baliniona.

Majina yabo, sikuuliza.